Magogo Sita ya Bibi Hawa

Ndugu zangu wa Buigiri, nanyi mnaonipigia simu kutoka mjini,

Tangu nirudi mmeniuliza maswali mawili. La kwanza, imekuwaje safari ya siku nne ikawa ya siku tisa. La pili, kwa nini paa la kanisa letu jipya limefika ukuta wa madhabahu likakoma, na kile chumba cha nyuma anachovalia Mchungaji kikabaki wazi kama zizi. Jibu ni moja, na kwa kuwa nimechoka kulitoa nusu nusu mlangoni baada ya ibada, nimekaa kuliandika lote. Ya vibali na barua sitawachosha nayo. Vilipatikana kwa wakati, namshukuru Mungu na waliohangaika navyo.

Mnakumbuka tulikuwa wapi. Kuta zilikuwa zimesimama tangu Agosti, za matofali mabichi ya udongo, hazina lipu wala kofia. Sisi tuliokulia nchi hii kavu tunajua mvua ya kwanza inavyokuja. Haibishi hodi. Ikikuta ukuta wa udongo uko wazi, hulamba kazi ya mwaka kwa mchana mmoja. Miti ya kenchi za paa tulikuwa nayo, ila ilikuwa mbali. Marehemu kaka yangu Yohana, alipokuwa mwinjilisti kule Songambele, kijiji cha kilimani ukishapita Chemba, alipanda mikaratusi akasema siku moja iezeke kanisa la kwao Buigiri. Magogo arobaini yalikatwa kiangazi kilipoanza, yakaachwa juu kilimani yakauke. Mafundi wetu walikuwa wamepiga hesabu: arobaini yanatosha, hakuna la ziada wala la kupungua. Kazi iliyobaki ilikuwa kuyashusha na kuyaleta kabla ya mvua. Mkanituma mimi, mzee wa miaka sabini na mmoja, kwa sababu napajua mahali na kwa sababu, mlisema, nina saburi. Hilo la saburi tutaliona.

Ihumwa

Kilima cha Songambele kimechimbika vibaya. Yako makorongo pale yanayoweza kumficha ng'ombe na pembe zake. Serikali ya kijiji haitaki mashine kubwa ipande, maana ikipita mara moja, mvua hufuata alama zake na kuchimba korongo jingine. Ng'ombe waliofundishwa kukokota magogo siku hizi hawapo. Ndiyo maana tulikodi tingatinga dogo lililokuwa Ihumwa, mashine fupi ambayo upana wake unapita kwenye mlango wa zizi, mbele lina koleo la kusukumia udongo, nyuma lina winchi ya kuvutia yenye waya wa chuma.

Anayeliendesha ni mwanamke wa Kondoa mjini, Mariamu, umri wake kama miaka arobaini na mitano. Babu zake walikuja na misafara ya biashara wakabaki. Hufunga ushungi kwanza, kisha huvaa kofia ngumu juu yake. Dereva wa lori alikuwa Tito, Mhehe wa Iringa, na kwa kuwa mimi ni Mgogo, tulikuwa watani kabla hatujaonana.

"Shikamoo babu," alisema akishuka. "Kumbe ndiye wewe Mgogo unayefuata magogo? Ndugu zako wamekusubiri sana kule kilimani."

"Marahaba," nikajibu, nikamgeukia mama lishe wa ng'ambo ya barabara. "Mama, fungeni mbwa wasiliwe, Mhehe amefika!"

Mama lishe alicheka hadi akaweka mwiko chini. Hivyo tulianza vizuri.

Tulipanga kuondoka saa mbili asubuhi. Saa tano tulikuwa bado pale, kwa sababu Mariamu alikuwa na ndoo ya maji na kipande cha nondo, akikwangua udongo kwenye minyororo ambayo tingatinga hutembelea, pingili moja baada ya nyingine. Tito alipiga honi.

"Dada, unalipeleka harusini?"

"Udongo wa huku una magugu yake," alisema Mariamu bila kuinua kichwa. "Sitaki nikawapandie watu kilimani kwao."

Mimi nilikaa kwenye kivuli cha lori nikasoma Neno. Sikuwa na wasiwasi. Kisha Tito alirudisha tela nyuma hadi kwenye tuta la udongo lililo karibu na reli, Mariamu akalipandisha tingatinga polepole juu ya tela, wakalifunga kwa minyororo pembe nne.

Wakati wanafunga, mtu mmoja aliyekuwa akisukuma baiskeli alisimama. Ihumwa ya sasa siyo ile mliyoijua. Mji umekuja, viwanja vimepimwa, barabara zimenyooshwa, na tingatinga likionekana, mtu wa kwanza hujiuliza nyumba ya nani leo.

"Shikamoo mzee. Hilo linakwenda kuvunja wapi?"

"Marahaba. Linakwenda Songambele, mbele ya Chemba."

"Kuna nini huko?"

"Kazi itaonekana ikiisha," nikasema.

Alinitazama, akaendelea na baiskeli yake.

Naomba mlikumbuke jibu hilo. Baba yangu ndiye aliyenifundisha. Alipokuwa akiswaga ng'ombe kwenda mnadani, aliyemuuliza njiani kama anauza au anabadilisha hakuambiwa kitu. Alisema aliye njiani asiruhusu ulimi umtangulie, maana ulimi ukitangulia, miguu hujikwaa. Wengi wa rika langu tulilelewa hivyo. Nilipoingia katika kazi ya Injili nikaona fundisho hilo linakaa vizuri pamoja na imani: kesho si yangu, sina ruhusa ya kuitangaza. Kwa hiyo kila nilipokataa kusema ninakokwenda kufanya nini, niliona nimekuwa mnyenyekevu.

Barabara ya Chemba

Tulipita mjini tukashika barabara ya Kondoa. Lami ni nzuri, lakini lori lenye mzigo juu ya tela haliwezi kukimbia, na Tito alikuwa mtu wa kusimama. Alisimama kununua tikiti. Alisimama kukagua minyororo. Alisimama kusalimiana na mwenzake ambaye, baada ya mazungumzo marefu, ilionekana hawakuwa wanafahamiana.

Mchana tulikula kwenye kibanda kimoja kando ya barabara: ugali wa uwele, mlenda, na kunde zilizoungwa kwa karanga. Tito alivuta mlenda kwa tonge, ule uzi ukarefuka hadi kifuani kwake.

"Babu, chakula chenu hakitaki kuachana na sahani."

"Kinajua kinakokwenda," nikamwambia, "ndiyo maana kinasita."

Mariamu alicheka mara ya kwanza siku ile.

Saa kumi hivi tulisikia mlio chini ya lori, kama mtu amevunja kuni kavu kwa goti. Springi ya nyuma ilikuwa imekatika majani yake mawili ya chuma. Tukajikokota hadi Chemba tukitambaa, na pale fundi akasema springi ya lori lile haipo, itoke mjini. Tukangoja siku mbili nzima.

Sitasema uongo kwamba ngoja ile ilikuwa mbaya. Tulipata chumba kwa mjane mmoja mcha Mungu aliyetupikia makande. Mariamu alilala kwa shangazi yake upande wa pili wa soko. Asubuhi nilitembea, jioni nilisoma. Ila kila asubuhi nilitazama mashariki, na kila asubuhi mawingu yalikuwa yamesogea kidogo. Nilimpigia simu Mama Tabitha, katibu wetu wa ujenzi. Akasema huku nyumbani upepo umeanza kunukia mvua.

Siku ya pili ilikuwa ya mnada. Watu walijaa na mbuzi wao, ng'ombe, ngozi, ndoo za asali. Lori letu limesimama kando ya njia na tingatinga juu yake, rangi ya njano inang'aa baada ya lile josho la Ihumwa. Karibu kila aliyepita aliuliza. Nilijibu wote kwa upole, na wote niliwajibu lile lile. Mmoja alikuwa mwenye bodaboda, kofia yake ya pamba imevutwa hadi kwenye nyusi.

"Mzee, shikamoo. Mnaelekea wapi na dude hili?"

"Songambele."

"Songambele kwetu?" Akazima pikipiki. "Kufanya nini?"

"Kazi itaonekana ikiisha, mwanangu."

"Mnapita njia ya chini au ya juu?"

"Ya chini, penye nyumba."

Akanitazama, akatazama koleo la tingatinga, akatoa simu mfukoni huku akiondoka. Niliona ana haraka ya biashara. Nikarudi kwenye kivuli changu.

Songambele

Siku ya nne asubuhi springi ilifungwa. Tuliacha lami tukaingia njia ya vumbi, na kabla ya adhuhuri tulikiona kilima. Nilikuwa nimepanga mengi ya kusema nikifika, ya kumkumbuka kaka yangu.

Njia ya chini inapita kati ya nyumba chache, ya mwisho ikiwa karibu kabisa na kilima. Ubavuni mwa nyumba ile kulikuwa na alama ya X nyekundu iliyofifia. Nyumba yenyewe haikuwa na paa. Mabati yalikuwa yameegemezwa kwenye mti, yamepangwa vizuri kwa ukubwa. Boriti za zamani zilikuwa zimelala uani, zimevunjika vipande vipande, ndani yake mchwa mtupu. Vyungu, magodoro, kinu, mashine ya kushonea, vyote nje. Na mbele ya vyote, mlango wa nyumba umelazwa juu ya matofali mawili, na mwanamke mzee, mzee kuliko mimi, amekaa juu ya mlango huo akipepeta kunde.

Nilishuka. "Shikamoo mama."

"Marahaba." Aliendelea kupepeta. "Mmechelewa. Tuliwatazamia tangu jana."

"Springi ilikatika, mama."

"Poleni. Haya, nimewapunguzia kazi. Mabati nimeyatoa. Zimebaki kuta, zivunjeni."

Sikuelewa. Nilitazama ile alama ya X, nikatazama nyuma, nikaona Tito amevua kofia. Hapo ndipo nilipoelewa, nikashika ukuta wa nyumba ile niliyodhaniwa nimekuja kuivunja.

"Mama, hatukuja kuvunja. Tumekuja kushusha magogo ya Mwinjilisti Yohana. Mimi ni mdogo wake."

Ungo ulisimama.

Baadaye nilipata habari yote. Miaka kadhaa nyuma walipita watu wa kupima barabara, wakachora alama ile ya kubomolewa, wakaondoka, hawakurudi. Bibi Hawa, ndilo jina lake, aliishi na alama ile kama mtu anavyoishi na barua ambayo hajaifungua. Mwenyekiti wa kijiji ndiye aliyekuwa na taarifa zetu, lakini alikuwa amekwenda msibani kijiji cha mbali. Basi yule wa bodaboda alipopiga simu kutoka mnadani kwamba tingatinga linakuja Songambele, linapita njia ya chini, na mzee anayeliongoza hataki kusema kazi yake, majirani walikuja jioni ile ile kumsaidia Bibi Hawa kuokoa mabati yasipondwe. Walipoyang'oa, boriti zilizoliwa na mchwa zikaanguka zenyewe.

Wote hao walikuwa wamesogea sasa. Bibi Hawa aliniangalia kutoka juu hadi chini.

"Kwa hiyo ni wewe," alisema. "Kijana, ni wewe uliyesema kazi itaonekana ikiisha?"

"Ni mimi, mama."

"Basi imeisha. Iangalie."

Ndugu zangu, nimehubiri miaka zaidi ya arobaini. Nimehubiri misibani na harusini, na mbele ya maaskofu. Siku ile niliiangalia kazi yangu, kama alivyosema.

Mariamu alikuwa amekwisha kuchuchumaa mbele ya Bibi Hawa, wakizungumza Kirangi, lugha ya huko, mimi siambulii kitu. Mara moja Bibi Hawa alinyoosha kidole kwangu, Mariamu akafunika mdomo kwa ushungi. Sijui hadi leo kilichosemwa. Nilimwuliza, akasema, "Baba, hayo waachie wanawake."

Tito alinivuta kando. "Babu, sikiliza. Tumpe pole, tumwombee, tupande kilimani. Tazama mawingu yale. Kule kwenu kuna kuta za kanisa zima."

"Na hapa kuna kuta za nani?"

"Magogo ni arobaini, babu. Ulisema mwenyewe, hakuna la ziada."

Ilikuwa kweli. Miti mingine iliyosimama ilikuwa mibichi, na ruhusa yetu ilikuwa ya yale yaliyokwisha kukatwa tu. Nilikwenda nikakaa kwenye jiwe nyuma ya lori. Sikuomba maneno marefu. Nilijua jibu tangu nilipoushika ukuta ule. Nilichoomba ni ujasiri wa kupiga simu.

Mama Tabitha alisikiliza hadi mwisho.

"Mwinjilisti," akasema, "unataka kuniambia kwamba safari yote hukumwambia mtu hata mmoja kwamba unafuata magogo?"

"Sikumwambia."

"Hata pale Chemba? Siku mbili?"

"Hata pale."

Nikasikia kuku wake. "Boriti ngapi zinatosha hiyo nyumba?"

"Tito anasema sita."

"Sita ni za sakristia, chumba cha Mchungaji." Akavuta pumzi. "Haya. Anza na huyo mama. Sisi tutafunika kuta kwa mabua. Lakini wewe mwenyewe utamweleza Mchungaji."

Kilimani

Nilidhani Mariamu atapanda mara moja. Hakupanda. Alipanda kwa miguu kwanza, akiwa na fimbo, akipiga udongo kwa kisigino kila hatua chache, akageuka, akashuka njia nyingine, akapanda tena. Mimi nilikuwa chini natazama mawingu. Mwisho aliweka alama kwa vitambaa juu ya vijiti: njia moja tu, imenyooka juu na chini kati ya mistari ya miti, hakuna mahali inapokata kilima kwa ubavu.

"Likipita ubavuni litapinduka," alinieleza, "na lisipopinduka, mvua itapita alama yake."

Ndipo nikaona uzuri wa udogo wa tingatinga lile. Lilipanda kati ya miti bila kugusa gome. Juu, wanaume wawili wa kijiji walifunga waya kwenye kichwa cha gogo, winchi ikaling'oa pale lilipolala, ikakiinua kichwa kile hadi nyuma ya mashine, mkia peke yake ukaburuta. Matawi makavu yalikuwa yametandikwa njiani, minyororo ikapita juu yake kama mtu anayetembea kwenye mkeka. Gogo la kwanza likafika chini. Likaja la pili. Kila mzunguko ulichukua muda wa kupika ugali.

Adhuhuri ya siku ya tano saburi yangu, ile mliyonisifia, iliisha. Nilipanda hadi nusu ya kilima nikamwashiria azime.

"Mariamu, binti yangu, huwezi kuvuta mawili kwa pamoja? Mashine ina nguvu."

Alijifuta vumbi usoni. "Nguvu inazo, baba. Lakini moja linashuka. Mawili yanashindana."

"Mvua inakuja."

"Naiona. Hata mimi nina macho." Kisha akasema kwa upole zaidi, "Kaa pale kwenye kivuli, baba. Wewe si ndiye mwenye saburi? Tito ameniambia."

Nilisikia Tito akicheka chini kabisa ya kilima. Nikakaa.

Magogo sita ya kwanza yalivutwa hadi uani kwa Bibi Hawa. Tito alikuwa amekuja na msumeno wa mnyororo, na watu wa Iringa mti wanaujua. Aliyapasua yakawa boriti, ncha na matawi yakawa fito. Wale wale majirani waliong'oa mabati wakapanda kuyarudisha, wakibishana kwa sauti kila mmoja kwamba si yeye aliyetoa wazo la kuyang'oa. Yule wa bodaboda alikuja pia, kofia yake mkononi. Alinikuta nachanganya udongo wa kuzibia.

"Mzee, nisamehe. Mimi niliona tu…"

"Uliona sawasawa," nikamwambia. "Mimi ndiye niliyekuacha ukisie. Lete maji."

Muda wote ule Bibi Hawa hakutukaribisha chakula. Tulikula kwa mwenyekiti, aliyekuwa amerudi kutoka msibani akiomba radhi kila mahali alipopita. Nilidhani mama bado ana hasira, nikaona ni haki yake. Siku ya sita alasiri bati la mwisho lilipigwa msumari, mlango ukarudi kwenye bawaba, moshi ukatoka ndani. Akasimama mlangoni.

"Haya, karibuni. Nilikuwa siwezi kumlisha mtu nje kama fisi."

Alikuwa amepika ugali wa uwele, kunde zile alizokuwa akizipepeta tulipofika, na maziwa ya mgando. Alimpa Mariamu kibuyu cha kunawa kwanza. Mimi alinipa kigoda cha karibu na moto, mahali pa mgeni mkubwa, na macho yakaniuma, nikasingizia moshi.

Nikamwambia, "Mama, ile alama ya X, tuipake udongo iondoke."

"Ukiipaka wewe, watakuja kuchora nyingine. Iache. Nimeizoea." Akanisogezea maziwa. "Ila siku ukipita tena, kijana, useme unakuja kufanya nini."

Kurudi

Magogo thelathini na manne yalishuka siku ya saba na ya nane. Mariamu aliyasukuma yakapanda lori kwa kuyaviringisha juu ya nguzo mbili za mshazari, moja moja, bila haraka, na mimi safari hii sikusema kitu. Yalipokwisha, nilidhani tunaondoka. Akarudi kilimani peke yake na tingatinga. Akashuka kinyumenyume, kila hatua kadhaa akiinua kwa koleo tuta dogo la udongo kukatisha njia, ili maji ya mvua yakifika yatoke pembeni yasishuke moja kwa moja. Alitandika matawi juu yake. Tulipotazama nyuma kutoka barabarani, usingejua kuna mashine iliyopita.

Siku ya tisa tuliondoka alfajiri. Mvua ilitukuta tumekwisha kupita Chemba, matone makubwa yaliyopiga kioo kama mtama uliomwagwa. Tito hakunitania. Mariamu alikuwa akihesabu tasbihi yake, mimi nikaomba kwa njia yangu. Hakuna aliyesema kuta, lakini sote watatu tulikuwa tukiziona.

Ihumwa kulikuwa kukavu bado. Tulipokuwa tukishusha tingatinga kwenye lile tuta karibu na reli, mama mmoja mwenye ndoo ya karanga alisimama.

"Poleni na safari. Hilo linatoka wapi?"

Nikamweleza. Nikaanza na kaka yangu Yohana na mikaratusi, nikaja springi, nikaja mnada, nikaja Bibi Hawa na mlango wake juu ya matofali, nikamweleza kwa nini magogo ni thelathini na manne na si arobaini, na tunayapeleka wapi, na yataezeka nini. Yule mama alishusha ndoo, akaipandisha, akaishusha tena.

"Babu," Tito aliita kutoka usukani, "ameuliza tu linatoka wapi! Mwache akauze karanga zake!"

"Asikie yote," nikasema.

Ya nyumbani mnayajua kuliko mimi. Mliwahi. Mabua ya mtama na maturubai yalikuwa juu ya kuta tulipofika, na mvua ilikula kona moja tu ya kaskazini, ambayo imezibwa. Kenchi zilipanda juma lile lile. Mchungaji nilimweleza mwenyewe, kama nilivyoagizwa. Alisikiliza, akauliza, "Paa la sakristia litakuja lini?" Nikamwambia miti mingine ya kaka yangu ikikatwa na kukauka, kiangazi kijacho, Mungu akipenda. Alitazama juu.

Jumapili iliyopita, wengi wenu mlikuwa ndani mkiimba wimbo wa kuanzia, na mkashangaa kwamba hatutokei. Ilikuwa inanyesha. Mchungaji alikuwa katika chumba chake kisicho na paa akijaribu kuvaa kanzu isilowe, na mimi nimemshikia mwavuli juu ya kichwa, mgongo wangu nje ya mwavuli. Simu yangu ikalia mfukoni. Mchungaji akaashiria niipokee.

"Kijana," ilikuwa sauti ya Bibi Hawa, "kwenu kunanyesha?"

"Kunanyesha, mama. Sana."

"Na huku." Nikasikia mvua ikipiga mabati juu yake, na chini ya kelele hiyo, kijiko kikizunguka katika kikombe. "Niko ndani," akasema, akakata simu.

Nikaurudisha mwavuli juu ya kichwa cha Mchungaji, tukatoka kwenda kuabudu.